Jicho la Msimu wa Pili

Kijana akifumania nyavu mechi nne mfululizo kwenye ndondo ya Kibiti, sifa zake hufika Ikwiriri kabla jua halijazama. Bodaboda wanazo, wauza korosho wa stendi wanazo, na ikifika Jumapili kuna mtu ameshampigia simu binamu yake Dar es Salaam kwamba huku kumepatikana straika. Mabao ni ya kweli, kila mtu kayaona. Swali gumu ni kama atafunga hivyohivyo mwakani, mabeki wakishamjua. Wapo watu wachache wenye ujuzi wa kulijibu, na mimi nawaheshimu kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi ya mpira.

Ukitaka kuwatambua, angalia wanatazama wapi. Mpira ukiwa kwenye kona ya mbali, uwanja mzima unaufuata, lakini macho yao yako kwa straika anayetembea polepole katikati ya mabeki wawili. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha timu za vijiji vya delta ya Mto Rufiji kwa miaka mingi, alinikalisha kando yake nyuma ya goli wakati wa masika, uwanja umelowa na mpira hauviringiki. Aliyekuwa akishangiliwa siku ile ni kijana wa kutoka upande wa Salale. Mzee hakusema neno juu ya bao lake la kwanza, kombora safi la mguu wa kulia. Kipindi cha pili kijana alipigiwa pasi akaikosa, watu wakaguna, na hapo ndipo mzee aliponigusa goti. “Umemwona lakini?” Kabla pasi haijapigwa kijana alikuwa ameshageuza shingo mara mbili, akajua beki yuko upande gani, akafungua mwili ili aupokee mpira kwa kushoto na kugeuka palepale. Tope ndilo lililomnyima. “Hilo halimtoki,” mzee akasema. “Mabao yanaweza kumtoka.”

Namba zina maana kubwa, ila zinataka kuulizwa. Mabao 26 aliyofunga Mohamed Hussein, yule Mmachinga wa Yanga, mwaka 1999, yalikaa zaidi ya miaka 20 bila kufikiwa kwenye ligi yetu. Meddie Kagere wa Simba aliyakaribia: 23 msimu wa 2018/19, halafu 22 msimu uliofuata. Mwenye haraka atasema alishuka kwa bao moja. Mimi hayo 22 nayaona makubwa kuliko 23, maana mabeki wa ligi nzima walikuwa wameshapata mwaka mzima wa kumsoma, na bado hawakupata dawa. Kisha akaja Stephane Aziz Ki na mabao yake 21 msimu wa 2023/24. Ukiyaweka kando ya yale ya Kagere yanaonekana pungufu, mpaka ukumbuke kwamba ligi ya Kagere ilikuwa na timu 20 na mechi 38, na ya Aziz Ki ilikuwa na timu 16 na mechi 30. Na Aziz Ki ni kiungo! Mtazamaji mzuri huendelea kuuliza: mangapi yalikuwa penalti, mangapi yalifungwa timu ikiwa tayari inaongoza tatu bila, nani alikuwa anampa pasi na je, mwakani mtoa pasi huyo atakuwepo?

Watu wa kriketi wamelichimba jambo hili zaidi ya sisi, kwa kuwa mchezo wao huandika kila kitu. Mpigaji wa mechi za Test hupimwa kwa wastani: mikimbio yake yote inagawanywa kwa mara alizotolewa. Mwaka 1993 Vinod Kambli wa India, kijana wa miaka 21, alipiga 224 dhidi ya Uingereza, kisha 227 dhidi ya Zimbabwe, na kabla mwaka haujaisha akapiga mia moja na zaidi mara mbili tena, dhidi ya Sri Lanka. Warushaji wakagundua kwamba mpira mfupi unaoruka kifuani unamsumbua. Mwishoni mwa 1995 alicheza Test yake ya mwisho, ya 17, akiwa na miaka 23. Wastani wake uliobaki vitabuni ni 54.20, ambao wapigaji wengi waliodumu miaka 15 hawakuufikia. Anayesoma namba hiyo peke yake hawezi kujua kwamba mia zake zote nne zilipigwa India na Sri Lanka, kwenye viwanja vya kwao na vya jirani.

Mfano wa upande wa pili ni Don Bradman wa Australia. Mwaka 1932/33 Waingereza, chini ya nahodha Douglas Jardine, walibuni mbinu nzima kwa ajili yake yeye: Harold Larwood na wenzake wakarusha kuelekea mwilini, na wadakaji wakapangwa upande wa miguu. Wastani wake katika mfululizo ule ukashuka hadi 56.57. Walimsoma kadiri binadamu anavyoweza kusomwa, na alipoanguka aliangukia mahali ambapo wengine hufika wakiwa kileleni. Mwaka 1934 alikuwa Leeds akipiga 304. Alimaliza na 99.94, na nadhani mtu aliyemtazama kwa makini wakati wa ile shida alikuwa na sababu nzuri zaidi ya kumwamini kuliko aliyemshangilia wakati wa raha.

Mkulima wa delta anaielewa hali hii bila kufundishwa. Mikoko ikifyekwa ukapandwa mpunga, misimu ya mwanzo udongo hutoa mavuno ya kushangaza, na baada ya miaka michache magugu yanashika na watu wanahama. Mwenye uzoefu halipimi shamba kwa magunia ya mwaka wa kwanza. Huangalia maji baridi ya mto yanafika hadi wapi na ni majani gani yameanza kuchipua.

Kwa mchezaji, dalili ninayoiamini kupita zote ni kuhama. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, kwenye barabara hiihii ya Kilwa inayotuletea mabasi Kibiti. Alifunga akiwa Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011 akafunga na huko mpaka wakachukua ubingwa wa Afrika 2015, akaenda Genk akafunga tena, na mwaka 2019 Ubelgiji ikampa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi yake. Novemba mwaka huohuo akaruka juu ya mabeki wa Liverpool palepale Anfield akaweka kichwa. Nchi tatu, mabeki wa aina tatu, mvua na baridi tofauti: kila safari ilikuwa mtihani mpya, na majibu yakawa yaleyale.

Lakini wapo wasiopewa mtihani huo. Steve Tikolo, mpigaji wa kriketi wa Kenya, alipiga 96 dhidi ya Sri Lanka mjini Kandy kwenye Kombe la Dunia la 1996, na mwaka uliofuata akapiga 147 kwenye fainali ya ICC Trophy kule Kuala Lumpur. Kenya haikupewa hadhi ya Test, kwa hiyo namba ambayo ingetuambia yeye ni nani haipo kabisa. Hukumu yake imebaki kwa macho ya waliomwona akisimama mbele ya mpira.

Vijana wa Salale, Mbwera na Nyamisati wako karibu zaidi na Tikolo kuliko Samatta. Ndiyo maana mtu anayejua kutazama ni wa thamani kubwa huku kwetu, na ndiyo maana inaniuma kumwona anajilipia nauli ya boti kwa pesa ya pensheni, huku klabu kubwa zikipiga simu kuuliza kijana ana mabao mangapi. Zimlipie nauli hiyo. Na zimsubiri arudi kutoka mechi ya marudiano kabla hazijasaini mtu.