Mto Ukichakaa, Besi Huvuja

Sony MDR-7506 ni hedifoni zilizotoka mwaka 1991, na hadi leo utazikuta katika studio nyingi za redio na za kurekodia muziki. Mwili wake ni mgumu. Kinachokufa mapema ni ile mito ya masikio: ngozi nyeusi hupasuka, kisha ikabanduka vipande vipande na kuganda shavuni. Wengi huichukulia kuwa kasoro ya sura tu, wakaendelea na kazi.

Ngozi hiyo ni bandia, kitambaa kilichopakwa poliyurethani. Unyevu huikatakata plastiki hiyo polepole, joto likiuharakisha, na jasho pamoja na mafuta ya nywele yakimalizia. Hewa ya Mombasa au Dar es Salaam ina joto na unyevu vyote, kwa hiyo hata mito ya akiba iliyo kabatini huzeeka. Baada ya kazi ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, ikaushe, uitundike penye hewa. Spiriti huikausha ikapasuka upesi, na dawa ya kung'arishia viatu haina la kufanya juu ya plastiki.

Hasara kubwa iko kwenye sauti. Hedifoni zilizofunikwa hupata besi yake kutokana na hewa iliyozibwa kati ya spika na sikio. Penye ufa hewa huvuja, na sauti nzito ndizo hutangulia kupotea. Sponji nayo ikilala, sikio husogelea spika na mlio mzima hubadilika. Mchanganya sauti mwenye mito ya namna hiyo ataongeza besi kufidia iliyovuja, na wimbo ukifika kwenye spika za baa utanguruma hadi maneno yasisikike.

Kubadilisha hakuhitaji gundi. Mto umeshikiliwa na ukingo wake mwembamba uliopenyezwa kwenye mfereji unaozunguka kikombe. Uvute taratibu kwa vidole. Bisibisi usiiguse kabisa, maana chini ya mto kuna spika yenye utando mwembamba sana. Unaporudisha, anza upande mmoja, bana ukingo ndani ya mfereji kwa kidole gumba, kisha zunguka ukiuvuta kidogo kidogo. Kadi ya plastiki husaidia pale unapokataa kuingia.

Kuchagua mto ndiko kugumu. Wa mahameli hauchomi sikio kwa joto, lakini hupitisha hewa, na besi hupungua. Mnene zaidi huisogeza spika mbali. Kwa starehe chagua upendavyo. Kwa kazi ya studio, mimi ningechukua ule ule wa umbo na kitambaa cha asili.

Ukishauvisha, piga wimbo unaoujua vizuri, kisha kandamiza vikombe kwa viganja bila nguvu. Besi ikipanda ghafla, mto huo hauzibi, urudishe dukani.