TFC za mukojo wa watoto: kisha kupima, nini?

Wandugu, kila mwaka zinatoka TFC za muundo huu. Finalisti wa labo anaenda kwenye shule ya msingi na makopo mia moja, anakusanya mukojo, anakuta vijidudu kwa watoto kadhaa. Kisha pendekezo: Serikali ipime watoto wote, wenye vijidudu wapewe antibiotiki. Juri inafurahi. Kazi imefanywa kwa nguvu, hiyo sikatai, lakini swali lenyewe liko kilema.

Tuanze na kopo. Mutoto wa miaka saba amekojoa bila kujisafisha, hakuacha mukojo wa kwanza upite, kopo likabaki kwenye jua mupaka saa sita, kisha pikipiki. Katika joto zuri, kijidudu cha E. coli kinaweza kugawanyika kila dakika 20 hivi. Ile "koloni 100.000 kwa mililita" inayoandikwa kwa herufi nzito ni kipimo cha Edward Kass, tangu miaka ya 1950, na aliwazia mukojo uliochukuliwa kwa uangalifu. Kopo la jua linaweza kutuambia habari za barabara tu, si za kibofu cha mutoto.

Tuseme matokeo ni ya kweli. Hapa njo kusoma kunakosekana. Kule Charlottesville, Virginia, Calvin Kunin alipima watoto wa shule kwa miaka mingi: kwa mara moja, wasichana wenye vijidudu walikuwa kama 1,2%, wavulana karibu hakuna. Kisha watafiti wa Cardiff na Oxford wakafuata wasichana 208 kwa miaka 4. Wamoja walipewa dawa, wengine hapana. Wakatangaza matokeo mwaka 1978: mafigo ya makundi mawili yalikua sawasawa. Mutoto alikuwa na vijidudu lakini haumwi, na dawa haikumuongezea kitu. Mutu atasema: Japani inapima mukojo mashuleni tangu 1974! Ndiyo, lakini kule wanatafuta protini na damu, juu ya magonjwa ya figo. Ni jambo lingine.

Kwetu, hasara ni kubwa zaidi. Antibiotiki tunainunua vidonge vitatu-vitatu bila karatasi ya munganga, na ile tunayompa mutoto muzima bure inaweza kukataa siku homa ya kweli itamushika. Tena musichana wa darasa la tano, akiitwa mbele ya wenzake "uko na infeksio," wanafikiri ugonjwa gani? Sijaona TFC hata moja inayouliza hilo.

Mutoto mwenye homa, maumivu, anayekojoa mara kwa mara, huyo apimwe leo, bila kungoja kampeni. Penye bilharzia ya kibofu, kama upande wa Kongo Central, damu kwenye mukojo itafutwe, na praziquantel inaweza kupewa shule nzima bila kupima kila mumoja.

Lakini kuna hesabu inayokosekana kabisa. Kujizuia kukojoa siku nzima kunasaidia vijidudu kukaa kibofuni. Basi, shule iko na vyoo vingapi vyenye mulango unaofungika? Maji yako? Wasichana wangapi wanajizuia mupaka wafike nyumbani? Finalisti anaweza kuhesabu hayo kwa wiki mbili, na daftari tu.