Msikiti Uliohama Bila Kijiji Chake

Kabla niache chuo, nilifunzwa kwamba jengo imara ni lile lisilotikisika. Msikiti wa Kampung Laut, kule Kelantan, Malaysia, unanibishia.

Ulijengwa kwa mbao ngumu za chengal, bila misumari. Nguzo na boriti zimeshikana kwa tundu na ulimi. Kuba hauna. Paa lake lina ngazi tatu zenye mteremko mkali: mvua inamwagika, hewa ya moto inatokea juu. Si urembo wa bure, ni hesabu ya hali ya hewa.

Baada ya mafuriko ya miaka ya 1960 kuuharibu, ulifunguliwa kipande kwa kipande, ukasimamishwa upya Nilam Puri. Watu husema umeokolewa. Nakubali, lakini nusu tu. Mbao zilihama, ukingo wa Mto Kelantan ulibaki, na kijiji kilichokuwa kikiswali humo kikabaki pia.

Kama kazi ya fundi, naupa alama zote. Ila msikiti si mbao peke yake. Kijiji kilichoupa jina kilibakishiwa nini?