Nyuki wa Liti na Swali la Hiari

Masimulizi ya Liti Kidanka, yule mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, yamezoeleka kusikilizwa kama habari ya ushujaa na maajabu. Wasikilizaji hubishana: je, kweli nyuki waliwashambulia askari? Kwa maoni yangu swali hilo ni dogo. Dhamira kuu imo katika jambo ambalo msimulizi halitamki, yaani kwamba hakuna aliyemwuliza Liti wala watu wake kama walitaka kutawaliwa.

Tulinganishe masimulizi haya na maandishi ya mabeberu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba, ukiwamo ule wa Mangungo wa Msovero. Katika karatasi hizo za Kijerumani watawala wetu walionyeshwa kuwa wametoa nchi zao kwa hiari, na Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya kuilinda jumuiya ya Peters. Tukizihakiki kama kazi ya fasihi (nazo ni za kubuni kuliko hadithi ya nyuki), tutaona kwamba mhusika mkuu hana sauti. Ana alama tu mwishoni mwa ukurasa.

Wapo wanaosema kwamba hizo zilikuwa hila za wafalme, na kwamba taifa kubwa lenye demokrasia laweza kujiongezea nchi ndogo bila dhuluma, mradi zimekubali. Hawaii yatupa jibu. Mwaka 1897 wenyeji zaidi ya 21,000 walitia saini kupinga nchi yao kuchukuliwa na Marekani, na mkataba ukakosa kura za kutosha katika Seneti. Mwaka uliofuata ikatumiwa njia nyingine, azimio la kawaida la Bunge, na visiwa vikachukuliwa. Waliodai kukubali kwa niaba ya Hawaii walitokana na wale waliompindua Malkia Liliuokalani mwaka 1893.

Muungano wetu ni jambo la namna nyingine. Nyerere na Karume walitia saini tarehe 22 Aprili 1964, na Zanzibar, ingawa ndogo, haikugeuzwa kuwa mkoa kama Singida. Ilibaki na serikali yake, na tangu 1980 ina Baraza la Wawakilishi. Hata hivyo, mhakiki mkweli hana budi kusema kwamba wananchi wa pande zote mbili hawakupiga kura ya maoni, na mjadala juu ya muundo wake haujakoma. Mwalimu asiuogope darasani.

Warina asali wa Singida hutundika mzinga mtini, nyuki wakaingia wenyewe, wasiporidhika huhama. Sidhani kwamba msimulizi alimpa Liti jeshi la namna hiyo kwa bahati tu. Hapo wanafunzi waulizwe: nchi iliyojiunga kwa hiari, ikibadili nia, itatokea mlango gani?