Sifa ya Fundi Asomaye

Binti wa jirani zetu wa Gerezani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, alikuwa amekwisha kupeleka mkono alifunge lile dirisha dogo la onyo lililojitokeza katikati ya kioo cha kompyuta yake, ndipo mzee aliyeitwa kuja kuitazama akamzuia kwa upole: "Usilifunge, mwanangu, halijamaliza kusema." Binti akajibu, "Lakini babu, si Kizungu tu cha mashine hicho?" Mzee hakubishana naye, alitoa kalamu ya risasi na daftari, akaanza kunakili.

Naomba wasaa nilisifu daftari hilo. Lilikuwa la miraba, lile la hesabu la watoto wa shule, na ndani yake kila onyo alilopata kukutana nalo limenakiliwa neno kwa neno, na chini yake tarehe, aina ya mashine, na sababu iliyodhihiri mwishoni, hata ikiwa imeiaibisha ile aliyoidhani mwanzo. Nilipomwuliza kwa nini asipige picha kwa simu, alisema kwamba hapo itakayokuwa imeona ni simu, lakini mkono ukinakili, jicho halina budi kupita juu ya kila herufi. Mzee huyu alianza kazi kwa kutengeneza mashine za chapa za afisi za mjini, zama ambazo herufi iliyokwama ilionekana kwa macho na kuguswa kwa kidole. Kompyuta ilipokuja ikamnyima kidole, naye akayazidishia macho kazi.

Programu iliyogoma katika kompyuta ya binti ni QGIS, ile programu huria ya ramani aliyoianza Gary Sherman huko Alaska mwaka 2002, ambayo leo huipata yeyote bila ya kulipa hata senti, ilimradi ana bando la kuipakua. Ilisakinishwa pasipo kulalama, walakini kila ilipofunguliwa ilikiri kwamba haijui mahali popote ulimwenguni. Maarifa ya kuilaza dunia ya duara juu ya karatasi bapa QGIS huyaazima kwa maktaba iitwayo PROJ, ambayo nayo huyasoma katika faili moja, proj.db, na onyo lile refu, lililosomwa mpaka mstari wake wa mwisho, lilisema wazi kwamba faili iliyopatikana ni ya usakinishaji mwingine, tena ya toleo la zamani, likataja na folda yake. Folda ilikuwa ya PostgreSQL, ghala ya data aliyoiweka binti kwa ajili ya somo jingine, ambayo iliacha amri ndani ya Windows kwamba kila atafutaye PROJ aende kwake. Basi QGIS, kwa utiifu wake, ilikuwa ikibisha hodi nyumba ya jirani na kupewa kitabu kilichopitwa na wakati. Mzee hakufuta kitu. Katika mipangilio ya QGIS aliandika anwani ya folda yake yenyewe, akaifunga, akaifungua tena, na onyo halikurudi.

Asidhani mtu kuwa huu ni mchezo wa vioo. Karatasi za zamani za upimaji wa nchi yetu zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu zetu na setilaiti hufuata WGS 84, na tafauti ya misingi hiyo katika Dar es Salaam ni takribani mita 300, ambazo kwa Kariakoo ni mitaa kadhaa, na kuisawazisha ndiyo kazi ya PROJ. Binti alikuwa akichora mifereji, kwa mfano wa wanafunzi na wakazi waliotembea kata kwa kata katika kazi ya kuchora ramani za jiji iitwayo Ramani Huria tangu mwaka 2015. Na mfereji uliochorwa mitaa kadhaa mbali na ulipo haumfai kitu mtu wa Jangwani siku mto Msimbazi unapofurika kama ulivyofurika Desemba 2011.

Katika fremu nyingi za siku hizi maradhi yote ya kompyuta, makubwa kwa madogo, yana dawa moja: "Tupige Windows upya." Mashine imesema nini, haulizi mtu. Hurudi kwa mwenyewe imetakata, na picha za arusi na hesabu za duka zimekwenda na maji, na sababu ya kosa ikingali palepale inangoja. Insafu yanilazimu niseme pia kwamba kodi ya fremu Kariakoo haimpi mtu nafasi ya kusoma. Akaaye mchana kutwa juu ya onyo moja, jioni hana cha kumpa mwenye nyumba. Hilo ndilo lililomtoa mzee wetu katika fremu, naye sasa huitwa majumbani, na pale ilipokuwa meza yake panauzwa kava na protekta za simu. Vijana walipata kumwendea kujifunza. Waliomba flashi yenye programu, wakapewa, wakashukuru, wakaenda zao, wala hakuna aliyeuliza habari za daftari.