Uzi wa Mfarishi: Rangi Iwe ya Mwisho

Mwenye kushona mfarishi wa vitenge kwa cherehani, nguo juu, nguo chini na pamba katikati, mara nyingi huingia dukani na kipande cha kitambaa mkononi akitafuta uzi wa rangi inayofanana. Mimi naanza kwingine. Vuta uzi kiasi cha urefu wa mkono, uinue kwenye mwanga, utazame kingo zake. Uzi duni una manyoya pande zote, tena hapa mnene, pale umekonda. Manyoya hayo ndiyo yatakayong'oka kwenye tundu la sindano, yajae penye bobini na chini ya meno, kisha mishono ianze kuruka.

Mzizi wa manyoya hayo ni pamba yenyewe. Pamba ya nyuzi ndefu, kama ile ya Misri, ina ncha chache za kuchomoza, ndiyo maana uzi wake ni laini na imara. Viwanda makini huupitisha pia kwenye moto ili manyoya yaliyobaki yaungue. Ule mng'ao wa uzi wa pamba unaofanana na wa hariri nao una asili yake: katika miaka ya 1840 Mwingereza John Mercer aliona kuwa pamba ikichovywa katika soda kali hupata nguvu na kushika rangi vizuri, mnamo 1890 Horace Lowe akaikaza isinywee humo, nayo ikang'aa.

Kuhusu namba kuna mkanganyiko. Kwa kipimo cha uzito, uzi wa 40 ni ule ambao kilomita 40 zake zina kilo moja. Kwa hiyo 50 ni mwembamba zaidi, na 60 zaidi ya hapo. Tex huenda kinyume: ni gramu za mita 1,000, basi kubwa ndiyo nene. Kwa kuwa viwanda havihesabu kwa njia moja, ukilinganisha kampuni mbili tazama tex.

Kwenye kitenge chenye maua makubwa napenda pamba ya 50. Inazama ndani ya nguo na kuliachia ua lionekane, na mistari ikisongamana mfarishi haukakamai. Ya 40 iwekee kitambaa cha rangi moja, ambako kila mshono unaonekana, na kila kosa pia. Polista ya nyuzi ndefu zisizokatwa ina nguvu na haitoi vumbi. Kwa blanketi la mtoto litakalofuliwa kila mara, ichukue bila wasiwasi.

Uzi uliokaa juani dirishani mwa duka uogope. Ukate kwa mikono: ukiachia bila ubishi, umeshachoka. Ukiutilia shaka ule ulioandikwa pamba tupu, choma ncha. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Kabla ya kununua vidonge vingi vya uzi, jaribu kimoja juu ya tabaka zilezile za kazi yako, kwa sindano namba 90 ikiwa uzi ni wa 40, au 80 kwa wa 50. Nukta za uzi wa bobini zikichomoza juu, legeza mkazo wa juu kidogo kidogo. Uzi wa juu ukijitokeza chini, kaza.