Mjuzi wa Chambo

Pwani ya Kilindoni, kisiwani Mafia, yuko mzee mmoja mvuvi wa madema, ile mitego ya kusukwa, ambaye uvuvi wake huanza kabla hajatia mguu majini. Hukaa kivulini na kinu chake kidogo, akitwanga chambo. Hutangulia tondo wa mikokoni, wavunjike bila kuwa unga. Kisha kaa wadogo. Kisha majani ya bahari aliyoyang'oa mwenyewe mwambani. Juu yake hutia chicha ya nazi iliyolala mpaka ikaanza kuchachuka, na matone ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Hufinyanga tonge, akalitumbukiza kwenye kata ya maji ya chumvi, akatulia kulitazama. Likivurugika upesi, mkondo utalichukua lote kabla dema halijakaa sawa. Likigoma kuachia, samaki hawatapata habari. Hunusa vidole, akaongeza chicha, akalitumbukiza tena. Bamvua hutaka tonge gumu, maji mafu hutaka laini. Tasi humzidishia majani, maana ndiyo riziki yake. Changu, mwenye taya za kuvunja magamba, humzidishia kaa na tondo. Akitaka kujaribu kitu kipya hukitia katika dema moja tu, la kando yake akaliachia chambo cha kila siku, apate kulinganisha. Nilimwona akijaribu pumba za mpunga. Hazikumridhisha, akazimwaga bila manung'uniko.

Ujuzi huu ulikua katika kisiwa hiki cha minazi, ambako kila jiko lilikuwa na chicha na kila mtoto alijua njia ya mwambani. Mvuvi alilazimika kumjua samaki ili amwite. Baruti ilipokuja haikuuliza tasi anapenda nini. Ilipasua matumbawe, ikaua wa kuliwa na wasioliwa. Juya, ule wavu wa kukokota, nalo likakomba mpaka vichanga. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 imekataza baruti na sumu. Nashukuru. Lakini kumzuia mtu asiharibu bahari si sawa na kumfundisha aijue.

Siku hizi kati ya Oktoba na Machi wageni humiminika Kilindoni kumwona papa potwe akila uduvi na dagaa. Hulipa, huogelea, hupiga picha. Ni neema kwa kisiwa, sina kinyongo nayo. Kinachoniuma ni kwamba hatua chache tu kutoka zinapong'oa nanga mashua za wageni hao ameketi mtu anayejua wanachokula samaki kumi wa mwamba mmoja, na hakuna anayemuuliza. Vijana wetu nao wamekimbilia uvuvi wa dagaa kwa taa, penye fedha ya haraka.

Dema litabaki; msukaji akifa, lipo la kutazama na kuiga. Chambo hakina umbo la kuwekwa makumbusho. Kazi yake ni kuyeyuka majini kikaisha. Elimu yake imo puani na vidoleni mwa mtu, na siku mtu huyo akizikwa, itazikwa naye. Wazee wanaoijua wanapungua, nasi tunapita mbele yao kila asubuhi tukiulizia bei ya samaki.